Shafti ya mbele imegoma kutoka: namna ya kuitoa nyumbani bila kuua beringi wala gia boksi

Jointi ya CV (kiungo cha ncha ya shafti kinachozunguka hata gurudumu likiwa limekatwa) ikianza kugonga "tak-tak-tak" unapokata kona, au buti (raba inayofunika jointi) ikipasuka na grisi ikatapakaa ndani ya rimu, dawa ni kubadilisha shafti, yaani fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya gia boksi kwenye gurudumu. Kuifunga mpya ni kazi ya saa moja. Kinachokula siku nzima ni kuitoa ya zamani. IST, Vitz, Raum, Spacio, Demio na Fit zinazozunguka Dar es Salaam nyingi zimetumika Japani kwanza, na mara nyingi shafti unayoihangaikia ndiyo ileile iliyofungwa kiwandani, haijaguswa miaka 15 au 20. Kama gari ilitoka kaskazini ya Japani, imeshakula chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kisha ikaja kulala Kigamboni, Msasani au Kunduchi kwenye upepo wa bahari, na kila masika inapita kwenye madimbwi. Chuma kimeshikana na chuma.

Shafti hugomea sehemu tatu. Ya kwanza ni nati kubwa ya katikati ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Ya pili ni meno ya nje, yale yanayoingia ndani ya habu, ambayo hushikwa na kutu. Ya tatu ni upande wa gia boksi, ambako hakuna kutu kabisa: kuna klipu ndogo ya waya wa chuma iliyozunguka ncha ya shafti, na kazi yake ni hiyohiyo ya kuizuia isitoke. Gari nyingi huharibiwa kwa sababu mtu anatumia mbinu ya sehemu moja kwenye sehemu nyingine. Anavuta shafti kama anavuta kamba ya jahazi, kumbe kinachoizuia ni klipu. Au anapiga nyundo nzito kwenye habu, kutu inatoka na beringi nayo inakwenda. Kabla hujainua nyundo jiulize: nguvu hii itapita kwenye nini kabla haijafika pale panaposhika?

Siku moja kabla

Anza jioni ya kuamkia kazi. Ng'oa kifuniko cha katikati ya rimu, safisha nyuzi za nati kwa brashi ya waya, kisha lowesha kwa WD-40 au mafuta mengine ya kupenya kutu. Wengine huchanganya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, ila asetoni inawaka haraka na inakula rangi, kwa hiyo usiutumie karibu na jiko wala usiumwage kwenye bodi. Lowesha pia nati za boljointi (kiungo cha chini cha gurudumu), tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani) na stabilaiza linki (kiungo cha fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona). Rudia asubuhi.

Shafti mpya au ya "used" iwe mkononi kabla hujafungua chochote, la sivyo gari itakaa juu ya stendi wiki nzima ikisubiri. Ukienda Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, usiseme tu "nataka shafti ya IST". NCP60 ni ya injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na NCP65 ni ile inayovuta magurudumu yote manne. Namba hiyo imo kwenye kibati kilichopo chini ya boneti. Dukani hesabu meno ya ncha zote mbili, pima urefu, na angalia kama jointi ya nje ina ringi ya meno ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande unapofunga breki). Gari yenye ABS ikifungwa shafti isiyo na ringi hiyo itawasha taa kwenye dashibodi. Nunua pamoja nayo nati mpya ya habu, oili sili (raba inayozuia oili isivuje) ya gia boksi ya upande huo, na klipu mpya. Ni vitu vya bei ndogo, na kurudia vya zamani ndiko kunakozaa uvujaji.

Mahali pa kazi pawe pagumu na tambarare. Kwenye uwanja wa mchanga, kama nyumba nyingi za Mbagala au Kigamboni, laza ubao wa inchi mbili chini ya jeki na chini ya kila stendi. Matofali ya saruji si stendi: hubeba mzigo vizuri mpaka sekunde yanapopasuka, na hayakupi onyo. Magurudumu ya nyuma yawekee mawe mbele na nyuma.

Nati ya habu: ifungue gari ikiwa chini

Toyota ndogo nyingi za miaka ya 2000 hutumia soketi ya milimita 30, na nati hukazwa kwa 216 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Tazama kwanza pembe zake: kama ni 12, soketi ya pembe 6 haitaingia. Chukua soketi nene ya kazi nzito, yenye tundu la nusu inchi au robo tatu. Ile nyembamba ya seti ya bei poa itapasuka.

Kingo ya nati imebonyezwa ndani ya mfereji wa shafti ili isijifungue. Usiifungue kabla hujainua huo mbonyeo. Tumia tindo dogo lenye ncha nyembamba, ligonge taratibu kutoka kwenye mfereji kwenda nje mpaka kingo isimame. Ukiipuuza hatua hii, mbonyeo utaburuzwa juu ya nyuzi zote hadi mwisho na shafti itaharibika nyuzi. Kama shafti unaitupa hutajali, lakini kama unaitoa ili ubadilishe beringi tu, hapo umejiongezea gharama. Gari nyingine, badala ya mbonyeo, zina kofia ya bati na pini iliyokunjwa: nyoosha pini, ichomoe, toa kofia.

Sasa gurudumu likiwa limefungwa na gari ikiwa chini, mtu akae ndani akanyage breki ya mguu. Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, haisaidii hapa. Usitegemee gia ya P pia, kwa sababu nguvu yote itapita kwenye shafti na difu (gia zinazogawa nguvu kwa shafti mbili) mpaka kwenye kijino kidogo ndani ya gia boksi. Vesha mpini wa soketi bomba la chuma la mita moja na usukume kuelekea chini, kinyume na saa, pande zote mbili za gari. Mtu wa kilo 50 akiegemea mwisho wa mita moja anatoa karibu 490 Nm, zaidi ya mara mbili ya kukaza kwake. Egemea, usirukie. Ikigoma hata hapo, gonga uso wa nati kwa nyundo mara kumi hivi, lowesha tena, ngoja nusu saa.

Ikilegea, izungushe nusu duru tu na uiache hapo. Na tangu hapo gari isisukumwe wala isiendeshwe hata kidogo: nati hii ndiyo inayobana nusu mbili za beringi, na uzito wa gari juu ya beringi isiyobanwa unaweza kuiharibu.

Kufungua njia

Inua gari, weka stendi, itikise kwa mkono kabla hujaingiza kichwa chini. Toa gurudumu.

Hapa kuna uamuzi. Ukiinua upande mmoja tu, oili ya gia boksi hukimbilia upande wa chini na huenda usihitaji kuimwaga. Lakini stabilaiza itakuwa imejikunja na itaisukuma loa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) juu, ushindwe kuishusha. Kwa hiyo ama uinue pande zote mbili na kumwaga oili, ama ufungue stabilaiza linki. Nati ya linki ikizunguka pamoja na boli yake, ncha ya boli ina tundu la spana ya alen ya kuizuia. Tundu likishalika, kata kwa grainda na ununue linki nyingine.

Waya wa ABS uachie kwenye vibanio vyake tu. Sensa yenyewe usiiguse kama ina kutu, kwa maana plastiki yake hukatikia ndani ya tundu. Fungua kibanio cha paipu ya breki kwenye shokapu.

Tairodi endi na boljointi ya chini hushikwa kwa koni ya chuma ndani ya tundu la koni. Toa pini na nati, kisha usipige boli. Piga chuma kinachoizunguka boli hiyo, yaani jicho lenyewe, kwa nyundo ya kilo moja na nusu, huku ukiegemeza nyundo nyingine nzito upande wa pili. Jicho linapepesuka kidogo tu, koni inaachia ghafla. Uma wa kutenganisha unafanya kazi haraka zaidi, ila unachana raba, kwa hiyo utumie pale tu boljointi nayo inapobadilishwa. Kwenye gari ambazo boljointi imefungwa kwenye loa amu kwa boli moja na nati mbili, kama Corolla nyingi, mambo ni mepesi: fungua hizo tatu na uiache koni ilivyo.

Shusha loa amu kwa mtaimbo mrefu, na chuma kinachobeba habu, ambacho hapa tutakiita nako, kitaweza kuvutwa nje.

Meno ya nje yaliyoshikwa na kutu

Kwanza jaribu kwa upole. Rudisha nati mpaka uso wake uwe sawasawa na ncha ya shafti, weka kipande cha mninga au shaba, gonga mara tatu nne. Ukiona shafti imerudi ndani hata milimita mbili, kazi imeisha. Ondoa nati na uisukume kwa mkono.

Kama haikusogea, acha nyundo. Ukipiga ncha ya shafti huku kutu imeshika, pigo linatoka kwenye shafti, linaingia kwenye habu, linapita kwenye gololi za beringi, ndipo linaishia kwenye nako. Gololi hazikutengenezwa kwa mapigo ya upande. Zinaacha vialama kwenye njia yake, na wiki mbili baadaye gari inavuma ukifika kilomita 60 kwa saa. Watu husema beringi imekufa ghafla. Haikufa ghafla.

Tafuta pula inayofungwa kwenye boli za gurudumu. Ni sahani ya chuma yenye matundu, na katikati ina skrubu nene. Inashika habu kwa boli zake na kuisukuma shafti kwa skrubu, kwa hiyo nguvu inabaki kati ya habu na shafti, beringi haiisikii. Ukiikosa dukani, fundi wa kuchomelea anaweza kuikata kwenye sahani ya milimita 12 au zaidi. Mpelekee vipimo vya matundu. Kwenye IST na Vitz ni boli nne kwenye duara la milimita 100. Nati iliyochomelewa katikati iwe nene, na skrubu iwe ya milimita 18 na kuendelea. Pula ya miguu mitatu si mbaya, ila huteleza na kukata kingo za diski.

Kaza skrubu mpaka inalia, kisha gonga kichwa chake pigo moja kavu. Pigo hapo halina madhara makubwa kwa sababu shafti tayari imebanwa kwenye pula. Lowesha, ngoja dakika kumi, kaza robo duru, gonga. Endelea hivyo hata saa nzima. Mara nyingi inaachia kwa mlio kama wa risasi, kwa hiyo usiweke uso mbele yake.

Moto ni wa mwisho na ni wa gari ambayo beringi inabadilishwa. Ukichoma habu, grisi ya beringi inayeyuka, sili zake zinaungua, na kwenye gari ambazo ringi ya ABS ni ya sumaku, sumaku hiyo inapotea. Ikifika hapo, njia ya akili ni kuifungua shafti upande wa gia boksi, kutoa kalipa (kibanio cha breki) na kuining'iniza kwa waya (isining'inie kwa paipu yake), kufungua boli mbili za shokapu, na kubeba nako pamoja na shafti yake kwa fundi mwenye presi. Kabla ya kufungua boli hizo chora alama kwa tindo au rangi, kwa maana zikirudi tofauti gurudumu litalala na tairi litaliwa upande mmoja. Presi ya tani 20 inamaliza kwa dakika tano ulichokihangaikia asubuhi nzima.

Upande wa gia boksi

Kosa kubwa la kazi nzima linafanyika hapa. Usivute shafti. Jointi ya ndani ni kikombe chenye njia tatu, na ndani yake kuna roli tatu zinazoteleza. Ukivuta fimbo, roli zinatoka ndani ya kikombe, buti inachanika, na kikombe kinabaki kimeganda kwenye gia boksi kama hakijakusikia. Nguvu yote iende kwenye kikombe.

Weka beseni chini. Ingiza mtaimbo au tairi liva kati ya kikombe na gia boksi, kichwa kikilala nyuma ya ukingo wa kikombe. Bodi ya gia boksi ni aluminiamu, kwa hiyo weka kipande cha bati nene au ubao mgumu pale unapoegemeza, na egemeza kwenye ubavu wake mnene, siyo karibu na sili. Kisha toa msukumo mmoja wa ghafla. Ukibana polepole kwa nguvu zinazoongezeka, klipu inajikaza kwenye kingo ya meno. Msukumo wa ghafla unailazimisha ijikunje ndani ya mfereji wake.

Haikutoka? Zungusha shafti robo duru, jaribu tena. Kisha robo nyingine. Klipu imelegea kidogo ndani ya mfereji, na kwa uzito wake huning'inia upande mmoja. Upande huo ndio unaokwama, na kuzungusha kunaihamisha. Nyingi hutoka kwenye robo ya tatu au ya nne bila nguvu ya ziada. Zilizobaki zinahitaji mitaimbo miwili, mmoja juu mmoja chini, watu wawili wahesabu "moja, mbili" na kusukuma pamoja, ili kikombe kitoke kimenyooka.

Ikigoma hapo, tengeneza nyundo ya kuvuta. Nondo ya milimita 16 yenye urefu wa karibu mita moja, uzito wa chuma wa kilo tatu hadi tano wenye tundu unaoteleza juu yake, na kizuizi mwishoni. Upande wa pili chomelea uma wa sahani. Pima kwanza nafasi iliyopo kati ya kikombe na gia boksi, kwa sababu kwenye gari nyingine ni kama unene wa kidole, na sahani nene kuliko hapo haiingii. Uma ukishakaa nyuma ya kikombe, rusha uzito kuelekea kwako mara mbili tatu. Uchomeleaji wote ufanyike mbali na gari: umeme wa kuchomelea ukipita kwenye gia boksi unachoma njia za beringi na unaweza kuua kompyuta.

Kwenye gari kubwa kidogo, na Honda na Nissan kadhaa, shafti ya kulia ina kipande cha kati chenye beringi iliyofungwa kwenye mkono wa chuma ulioshikwa na injini. Hapo kinachogoma ni beringi iliyoota kutu ndani ya mkono huo, na kupiga au kuvuta kwenye gia boksi ni kupoteza muda. Ukishatoa boli au klipu ya beringi na bado imeshika, fungua mkono wote kwenye injini, utoke pamoja na shafti, ukatenganishwe kwenye presi.

Kama unatoa shafti zote mbili, zitoe kwa zamu, moja ifungwe ndipo nyingine itoke. Kwenye baadhi ya gia boksi, zote zikiwa nje, gia za pembeni za difu zinaweza kusogea, na shafti mpya ikakosa pa kuingia.

Kurudisha

Ng'oa sili ya zamani kwa bisibisi bila kukwaruza tundu lake, gonga mpya iingie sawa na kina cha ile ya kwanza, pakaa midomo yake oili. Klipu mpya ielekeze uwazi wake chini. Sukuma kikombe kikiwa kimenyooka mpaka usikie au uhisi "klik", kisha kivute kwa mikono miwili. Kikitoka kirahisi, hakikufunga.

Meno ya nje yasugue kwa brashi ya waya na uyapake grisi nyepesi, ili fundi wa miaka kumi ijayo asikulaani. Nyuzi za nati ziache kavu, kwani grisi hapo inadanganya kipimo.

Spana ya kupimia nguvu ndiyo sahihi. Usipokuwa nayo, ndoo inaweza kusaidia: lita 20 za maji pamoja na ndoo yenyewe ni karibu kilo 21. Gurudumu likiwa limefungwa na gari imeshuka chini, breki imekanyagwa, weka bomba likiwa mlalo kabisa na uning'inize ndoo taratibu mita moja kutoka katikati ya nati. Hiyo ni kama 206 Nm, na uzito wa bomba lenyewe unaijazia iliyobaki. Bomba likishuka, rudisha soketi nyuma mpaka liwe mlalo tena, ning'iniza tena. Likibaki mlalo bila kusogea, umefika. Kisha bonyeza kingo ya nati mpya ndani ya mfereji kwa tindo butu. Nati za gurudumu kwenye Toyota hizi ni 103 Nm, nusu ya hapo, kwa hiyo sogeza ndoo hadi nusu mita.

Oili iliyomwagika irudishe kwa aina ileile. IST za otomatiki ya gia nne hutumia oili ya Toyota iitwayo T-IV. Gari yenye CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia) iwekewe oili ya CVT pekee. Pima injini ikiwa moto, gari ikiwa tambarare.

Zunguka uwanjani usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto. Usiku laza boksi la kadibodi chini ya gia boksi. Asubuhi ukikuta doa upande wa shafti uliyofunga, mdomo wa sili ulikatwa na meno wakati wa kuingiza, na itabidi uitoe shafti tena.